Bakuli la Kaole si la Mchina

Naomba wakubwa wanisamehe, lakini ile hotuba nimeichoka. Ukija ujumbe kutoka Beijing, ukizinduliwa mradi, Mchina akikata utepe popote pale kati ya Dar es Salaam na Tanga, lazima asimame mtu mzima na suti yake atuambie kwamba urafiki wetu na China haukuanza jana, una miaka 600, na ushahidi ni vyombo vya Kichina vilivyokutwa Kaole, Kunduchi na Kilwa. Halafu atatajwa jemadari wa bahari Zheng He na merikebu zake. Halafu makofi. Halafu soda.

Vyombo vipo, hilo sibishi. Ninachobishia ni jinsi hadithi yenyewe inavyopangwa. Isikilize vizuri utaona Mchina ndiye mtenda wa kila kitenzi: kafinyanga yeye, kachoma yeye, kapakia yeye, kaleta yeye. Na sisi? Sisi tumeletewa. Eti tumekaa ufukweni tangu enzi hizo, mdomo wazi, tunangoja merikebu, na tukishapewa bakuli tunasema ahsante. Basi mimi nasema hivi, na anayetaka kunijibu anijibu katika kurasa hizi hizi: bakuli la Kaole si la Mchina. Lilikuwa lake mpaka siku ile fundi wa Kaole alipoligandamiza kwenye chokaa mbichi. Tangu saa hiyo ni sanaa ya Kaole, na aliyeitenda ni mtu wa Kaole.

Kwa ambaye hajafika: Kaole iko kilomita kama tano kusini ya mji wa Bagamoyo. Sisi tunaotoka Makurunge tunashuka mjini kisha tunachukua bodaboda. Utakuta magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe ya matumbawe, kazi za kuanzia karne ya 13. Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu zilizosimama juu yake. Nguzo moja ilipachikwa mabakuli ya Kichina, yale ya kijani kilichopauka, kama jani changa la mgomba. Usiende ukitegemea kuyaona. Mabakuli yenyewe yamehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kaole yamebaki mashimo, na watalii wanapiga picha mashimo.

Mabakuli ya kijani cha namna ile ndiyo yaliyowapa jina mafundi wa Longquan, katika jimbo la Zhejiang, kusini mashariki ya China. Kijani chenyewe si rangi ya kupaka. Ni chuma kidogo sana kilichomo katika ule mng'aro, na tanuri lililonyimwa hewa wakati wa kuchoma, hata chuma kikatoa kijani badala ya hudhurungi. Walichoma kwa maelfu, katika matanuri marefu yaliyopanda mlima, ambayo Wachina wenyewe huyaita matanuri ya joka. Ilikuwa biashara, tena biashara kubwa. Shehena ilitoka bandari kama Quanzhou, ikashuka India, ikapakuliwa na kupakiwa tena, nyingine ikapitia Hormuz na Aden, ndipo majahazi ya kaskazi yakaileta huku pamoja na nguo na shanga. Kusi ikiingia yakarudi na pembe za ndovu, ambari, magamba ya ng'amba na boriti. Katikati palikuwa na mikono mingi: Wahindi, Waajemi, Waarabu, Waswahili. Mfinyanzi wa Longquan hakujua kama kuna mahali panaitwa Kaole, na mwenye bakuli pale Kaole angeweza kuzaliwa, kuoa na kufa bila kumtia Mchina machoni.

Na Zheng He? Safari yake ya kwanza ilianza 1405, ya mwisho ikaisha 1433. Kumbukumbu za safari zile zinataja Mogadishu, Barawa na Malindi. Kaole haimo. Halafu Unguja Ukuu wachimbaji wamekuta vigae vya China vya karne ya 9, za ufalme wa Tang, miaka kama 500 kabla jemadari huyo hajazaliwa. Kwa hiyo ile 600 ya kwenye hotuba haifai kokote. Kama ni hesabu ya biashara, ni fupi mno, maana imepita 1,000. Kama ni hesabu ya urafiki, mbona ni ndefu sana? Mwenye duka Kariakoo hajawa rafiki yako kwa sababu umenunua sahani kwake. Urafiki wa serikali na serikali una tarehe zake: mwaka 1965 Mwalimu Nyerere alikwenda Beijing na Zhou Enlai akaja Dar es Salaam, ikafuata reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Huo ni urafiki wa kutosha. Hauhitaji kuazima bakuli la marehemu.

Sasa njoo kwa fundi, maana hapa ndipo wenye hotuba wanapopita mbio na mimi nataka tukae kidogo. Mtu mkubwa wa Kaole kafa, labda jumbe, labda tajiri wa majahazi. Nyumbani kwake mlikuwa na mabakuli, mali ya fahari, yamewekwa mahali pa kuonekana na wageni. Wafiwa wanamwita fundi. Matumbawe yamekatwa, mengine yamepangwa juu ya magogo yakachomwa mpaka yakawa chokaa, na chokaa ikalowekwa ikalala. Nguzo inapanda. Akifika juu fundi anapiga lipu, anachukua bakuli, analigeuza, kitako ndani na mdomo nje. Analisukuma taratibu kwa kiganja. Lipu ikiwa mbichi mno bakuli linateleza, ikikauka halishiki. Anayejua saa yake, bakuli lake linakaa miaka 500.

Hebu fikiri alichokifanya huyu bwana. Kule lilikotoka lile lilikuwa chombo cha kulia. Yeye kaliachisha kazi hiyo. Kalisimamisha wima, haliwezi tena kushika hata tone la mchuzi. Kalifanya jicho. Chokaa nyeupe, duara la kijani katikati, jua la asubuhi likipiga upande wa bahari linang'aa. Hakuna Mchina aliyemfundisha hilo. Makaburi ya nguzo si ya China wala si ya Uarabuni, ni ya pwani yetu hii, kuanzia Somalia kushuka mpaka Tanzania. Na ukiacha bahari ukapanda kidogo tu, ndugu zetu Wazaramo walikuwa wakisimamisha nguzo za mti makaburini, zenye mwana hiti juu yake. Sisemi moja limezaa lingine. Nasema mtu mwenye nguzo ya mti huku na nguzo ya mawe kule, zote katika mkoa mmoja, halafu akaenda kulitafutia wazo hilo asili Beijing, ni mvivu.

Mwaka 1955 alipita mwanaakiolojia mmoja maarufu wa Uingereza, Mortimer Wheeler. Alitembea pwani kati ya Dar es Salaam na Kilwa, akashangaa wingi wa vigae vya Kichina, akasema kwamba historia ya Tanganyika tangu karne ya 10 imeandikwa kwa kauri za China. Sentensi hiyo imerithiwa kama wosia. Utaikuta katika vitabu, katika vijarida vya watalii, na nina hakika umeisikia hata wewe. Mimi inanikera. Kigae hakijui kuandika. Kigae cha Kichina kinamfaa sana mwanaakiolojia kwa sababu mitindo yake ina tarehe zinazojulikana, kwa hiyo kikikutwa katika tabaka fulani la udongo kinamwambia tabaka lile ni la lini. Ni saa yake ya mkononi. Lakini saa siyo siku! Chimba mji wowote wa kale wa pwani hii, vyombo vya kutoka nje kwa kawaida havifiki hata kimoja katika kumi. Vingine vyote ni vyungu, vimefinyangwa hapa hapa, kwa udongo wa hapa, vina masizi ya moto wa hapa. Hujasikia waziri akitoa hotuba juu ya chungu.

Nina sababu ya kupandisha sauti. Mwaka wa nne huu naandika riwaya. Kidato cha nne nimemaliza, juu ya hapo sikwenda, kalamu nimejifundisha mwenyewe kwa kusoma kila karatasi iliyonipitia mbele, hata zile za kufungia vitumbua. Mhusika wangu mkuu ni fundi huyo huyo. Nilipeleka sura za mwanzo kwa mchapishaji mmoja mjini, jina lake nalihifadhi. Alinipokea vizuri, chai kaninunulia. Kisha akaniambia, "Kijana, lugha unayo. Ila mtie Mchina. Merikebu imevunjika mwambani, nahodha wa Kichina kaokolewa na binti wa jumbe, wamependana, baba mtu hataki. Hiyo itauzika, na wafadhili hawatakosekana." Nikamuuliza, na fundi je? Akafikiri, akakoroga chai. "Fundi anaweza kuwa ndiye wa kwanza kumwona pale ufukweni."

Yaani aone. Kazi ya mtu wa Kaole katika riwaya ya Kaole ni kuona merikebu ya watu ikivunjika!

Nahodha huyo wa kuokolewa hakumtunga yeye, kamwazima Kenya. Kisiwani Pate watu husimulia kwamba zamani merikebu ya Kichina ilizama, mabaharia wakanusurika, wakaoa, wakabaki. Mwaka 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 ya safari ya kwanza ya Zheng He, binti mmoja wa upande wa Lamu alialikwa kule na akapewa nafasi ya kusomea utabibu, kwa kuwa ukoo wake unahesabiwa kuwa uzao wa mabaharia hao. Sina neno naye. Asome, na aliyemsomesha Mungu amlipe. Mwaka 2010 wataalamu wa China na wa Kenya wakaanza pamoja kuchimba Mambrui, karibu na Malindi, na kupiga mbizi Lamu kuitafuta merikebu. Elimu haina ubaya. Lakini tazama fedha zinakotazama: zinatafuta chombo cha mgeni kilichozama, wala si ghala la mwenyeji aliyekuwa akikingoja na bei yake kichwani.

Huko huko Malindi ndiko kuna kisa ambacho wenye hotuba wanakipenda na hawakielewi, kisa cha twiga. Mwaka 1414 mfalme wa Bengal alimpelekea mfalme wa China twiga. Mwaka uliofuata akaja mwingine, na huyu alitoka Malindi yenyewe. Wachina hawakuwa wamewahi kuona mnyama yule. Wakamwita qilin, mnyama wa heri aliye katika hadithi zao za kale, anayetokea dunia inapotawaliwa kwa haki. Wakamchora kwenye hariri, wakamtungia mashairi, na michoro ya twiga yule ipo mpaka leo. Sasa nauliza. Twiga ni wetu. Katoka nyika yetu, kashikwa na watu wetu, kapakiwa bandarini kwetu. Je, umewahi kumsikia mtu akisema mchoro ule ni sanaa ya Malindi? Hakuna. Dunia nzima inasema ni sanaa ya China, na ni kweli, kwa sababu Mchina alimchukua mgeni akamtia katika maana zake mwenyewe. Hicho ndicho alichokifanya fundi wetu kwa bakuli lao. Basi mizani iwe moja. Kama twiga aliyechorwa China ni sanaa ya China, bakuli lililopachikwa Kaole ni sanaa ya Kaole.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wafu. Haya, njoo kwa walio hai, tena hapa hapa Bagamoyo.

Katika miaka ya 1960, urafiki ule wa serikali ulipopamba moto, vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi. Waliporudi kikaundwa kikundi cha sarakasi cha taifa. Baadaye vikundi vya taifa vikavunjwa, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Sarakasi ikafundishwa humo pamoja na ngoma, maigizo na muziki. Zaidi ya miaka 40 mji huu unatoa wanasarakasi, na si wa chuoni tu. Nenda ufukweni jioni maji yakitoka. Utakuta watoto wanaruka kwenye mchanga mgumu, na anayewafundisha kafundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu aliyefundishwa China.

Mchina akisimama pale atavitambua vingi. Ule mgongo unaopindwa mpaka kichwa kinachungulia katikati ya miguu, kule kupandana mabegani mpaka wakafika watu watatu kwenda juu. Ila ngoma atakuwa mgeni nayo. Hapa kwetu mpiga ngoma ndiye nahodha wa mchezo. Mtoto anapokusanya pumzi, mdundo unashuka unakuwa kama mvua ya rasharasha. Akianza kukimbia unampandisha, na pigo kubwa linamkuta hewani. Mpiga ngoma akizembea mtu anaanguka, nimeona kwa macho yangu. Halafu kuna yule mmoja wa kuchekesha, anayejifanya hawezi, suruali inamvuka, anaomba watu wamsukume, mwishowe ndiye anayeruka juu kuliko wote. Huyo naye hakutoka China. Huyo ni mjomba wa kila mtu.

Kijana mmoja jirani yetu Makurunge huwa anacheza katika hoteli moja ya kitalii, hoteli nisiyoitaja. Pembeni mwa jukwaa wamebandika tangazo: onyesho la sarakasi ya Kichina. Nikamuuliza mbona hivyo, akasema meneja kadai jina hilo ndilo linalovuta wageni, na kwamba kwa kuwa ni ya Kichina wao wanaiga tu, basi malipo yake ni chakula cha usiku na nauli. Umeona linavyofanya kazi? Hotuba ya mheshimiwa na tangazo la meneja ni kitu kimoja. Ukishakubali kwamba kitu ni cha mwingine, jasho lako ndani yake linakuwa bure.

Nikigusia tu mabanda ya video, ambamo wengi wetu tulioshika kalamu leo ndimo tulimojifunza kusimulia. Filamu za kung fu za Hong Kong zilikuja kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Dar es Salaam akatokea Lufufu, akashika maikrofoni, akawa anazifasiri kwa Kiswahili, na pale tafsiri ilipoishia akatunga ya kwake, kwa misemo ya mtaani na utani wa mtaani. Mwaka 2011 Wachina wenyewe wakatuletea tamthilia yao, Mao Doudou, imekwisha kutiwa sauti za Kiswahili, ikaonyeshwa TBC, watu wakaipenda. Sauti zilikuwa nzuri. Lakini ukiniambia nichague kilicho sanaa, namchagua Lufufu bila kufikiri mara mbili. Tamthilia ile walituchagulia wao na maneno wakatupangia. Lufufu alilichukua bakuli akaligeuza.

Hata bibi yangu. Ana chupa ya chai ya zamani, ya bati, ina ua kubwa jekundu la Kichina, alitunzwa harusini kwake. Haijawahi kutiwa chai. Iko juu ya kabati, imesimama peke yake, uso kwa mlango, na kila Ijumaa inafutwa vumbi. Anayemtafuta mjukuu wa fundi wa Kaole aje kwetu.

Turudi kwa wenye suti, maana wana jambo kubwa mkononi. Machi 2013, Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam, yalisainiwa makubaliano ya bandari ya Bagamoyo. Mahali palipotengwa ni Mbegani, na Mbegani na Kaole ni majirani. Mwaka 2019 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba masharti ya mradi ule hayakubaliki. Mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa. Vifungu vya mkataba nawaachia wanasheria, na watu wa vijiji vilivyoguswa wana midomo yao, watajisemea. Mimi nasema juu ya hotuba. Siku ya jiwe la msingi bakuli la Kaole litatajwa, wala sina shaka, litaitwa zawadi, litaitwa alama ya udugu. Na mtu aliyekubali kwamba babu zake walikuwa wapokeaji, hata kwenye meza ya mazungumzo anakaa mkao wa kupokea. Wenye Kaole hawakukaa mkao huo. Walikuwa wanunuzi. Mnunuzi anageuza chombo, anagonga kwa ukucha kusikia kama kina ufa, anasema hiki sitaki, lete kile. Wala sisemi walikuwa malaika. Katika pwani hii mali nyingine iliyouzwa ilikuwa binadamu, na riwaya ya Kaole itakayoficha hilo itakuwa hotuba nyingine tu.

Nina ugomvi pia na baadhi yenu, waandishi wenzangu, na naomba msikunje sura. Mnakutana, mnasema fasihi yetu irudi kwenye asili, tuandike mbuyu, ngoma, bibi na moto wa jioni, vya kigeni tuviache. Mmoja wenu aliniambia riwaya yangu ina kasumba kwa sababu ya hayo mabakuli. Ndugu yangu, wewe na mheshimiwa mnaamini kitu kimoja, kwamba bakuli ni la Mchina. Yeye kwa hiyo analisujudia, wewe kwa hiyo unataka lichomolewe. Wapo waliokutangulia. Nenda Kunduchi, kwenye makaburi ya nguzo, ukatazame yale mashimo ya duara zilikokuwa sahani. Wezi nao hawakuona ukuta, waliona chombo cha Kichina cha kuuza.

Ninachotaka si kikubwa. Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa 1940 kwa jina la mfalme George wa Tano (naye sijui Kaole aliijulia wapi), imeyatunza mabakuli yetu, na ahsante, maana bila hivyo yangekwenda njia ya Kunduchi. Lakini bakuli katika kabati la kioo mjini limerudishwa kuwa chombo. Mtu analitazama anaona China. Nguzo bila bakuli nayo ni gofu tu, mtu anaitazama haoni kitu. Vilivyotenganishwa vikutanishwe. Kaole pana nyumba ndogo ya makumbusho. Yaje yakae humo, hatua chache kutoka kwenye nguzo yake. Kama usalama haupo, basi zifinyangwe nakala, waitwe mafundi chokaa wa Bagamoyo, wapo bado, wazipachike pale pale penye mashimo. Wataalamu watanipigia kelele kwamba gofu haliguswi. Sawa, basi ijengwe nguzo nyingine kando, nzima, yenye mabakuli yake, mtoto wa shule ya msingi aone jinsi ilivyokuwa siku ilipomalizika. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863. Ni sheria nzuri. Haikatazi kibao kitakachosema: bakuli limetoka Longquan, limenunuliwa na mtu wa Kaole, limepachikwa na fundi wa Kaole.

Mswada wangu uko sura ya saba, na Mchina sijamtia. Nguzo imekwisha kupanda, lipu iko tayari, lakini fundi bado hana jina, na jina la kubuni tu sitaki kumpa. Msomaji mwenye mzee wa Kishomvi nyumbani, au anayejua majina ya zamani waliyopewa watoto Kaole, Mlingotini na Mbegani, majina ya kale kabisa, aniandikie kwa anwani ya jarida. Na anayejua wachoma chokaa walilipwa kwa nini enzi hizo, kwa nguo, kwa mtama au kwa shanga, huyo nitamfuata mwenyewe kwa bodaboda.